Modeli sita za virusi kwenye boksi moja: umbo safi, vipimo hovyo

Boksi ni la kijani, juu yake pamechorwa kirusi chenye miguu kama chombo cha kutua mwezini, na kwa sasa linapatikana kwenye maduka kadhaa ya vifaa vya shule katikati ya Arusha. Moshi nako limeanza kuonekana. Bei ya kuanzia ni shilingi 95,000. Ukichukua mawili au matatu kwa jina la shule, muuzaji hushuka hadi 85,000 bila ubishi mwingi. Ndani mna modeli sita (bakteriofaji T4, yaani kirusi kinachoshambulia bakteria, kirusi cha batobato ya tumbaku kiitwacho TMV, adenovirusi, polio, mafua aina A na VVU), chati moja ya ukutani, na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nne.

Kwa umbo, zana hii inaushinda mchoro wowote wa ubaoni. Kwa vipimo ni hovyo, na chati ni hovyo zaidi. Mwalimu wa baiolojia anayejua anachokitafuta atairekebisha kwa nusu siku na vitu vya sokoni. Anayetaka boksi limfundishie atapeleka darasani makosa yatakayowafuata watoto hadi chumba cha mtihani.

Tuanze na vipimo. Ukizipanga modeli mezani, polio ina sentimita 10, adenovirusi 11, VVU 12. Mwanafunzi ataondoka akiamini virusi vinalingana kama machungwa ya tenga moja. Kumbe polio ina nanomita 30 tu (nanomita ni milimita moja ikigawanywa mara milioni), adenovirusi 90 hivi, VVU 100 hadi 120 au zaidi kidogo. Aliyeumia kuliko wote ni TMV: kwenye boksi ana urefu wa sentimita 20 na unene wa sentimita 4, kama gunzi la mahindi. Kirusi chenyewe kina urefu wa nanomita 300 na unene wa 18. Huo ni ufito, si gunzi.

Dawa yake ni kuchagua kipimo kimoja na kukishikilia: milimita 1 iwe nanomita 1. Hapo polio inakuwa gololi kubwa ya sentimita 3. Adenovirusi sentimita 9, kwa hiyo ile ya boksi imezidi kidogo lakini inavumilika. VVU sentimita 12, imepatia. TMV ni ufito wa sentimita 30 wenye unene wa kidole gumba. Kata mwenyewe, kile cha boksi weka kando. Kisha chukua chaki uchore sakafuni bakteria E. coli: urefu mita 2. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu itahitaji mita 7 na nusu, yaani darasa zima na huenda ukatoka hadi kibarazani. Mtoto akiishika polio mkononi huku amesimama ndani ya chembe ya damu, suala la ukubwa limekwisha, na ataelewa pia kwa nini mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky alichuja utomvu wa tumbaku yenye ugonjwa kwa chujio la kauri linalokamata bakteria, na bado utomvu uliopita ukaambukiza majani mengine.

Adenovirusi ndiyo sababu kubwa ya kununua boksi hili. Inakuja ikiwa bapa: karatasi ngumu yenye pembetatu sawa 20, mikunjo 19 iliyokwisha kukandamizwa, na masikio 11 ya kubandikia. Hesabu inakubali, maana umbo la nyuso 20 lina kingo 30. Lina pia pembe 12, na kwenye kila pembe zinakutana pembetatu tano. Wanafunzi wengi hukosea hapo. Wakileta ya sita, kona inalala bapa kama mkeka, kwa sababu nyuzi 60 mara sita ni 360, na gamba halifungi kamwe. Zikibaki tano, karatasi inalazimika kupinda na gamba linajifunga lenyewe. Waache wakosee kwanza ndipo uwaambie; hiyo ndiyo maana ya kirusi kujijenga bila fundi. Tumia gundi nyeupe ya mbao, paka nyembamba, shikilia kila sikio kama dakika moja. Supa gluu inauma haraka mno na sikio likikaa upande halirudi. Uso wa mwisho usiubandike: uache kama mlango wa kuingizia DNA, uzi wa urithi wa kirusi.

Sasa hesabu vitone vilivyochapwa kwenye nyuso. Kila kitone ni kapsomea, yaani tofali moja la gamba. Adenovirusi halisi ina kapsomea 252: 12 za pembeni, zenye majirani watano kila moja, na 240 zenye majirani sita. Ili upate 252, kila ukingo wa pembetatu lazima uwe na vitone 6 ukihesabu na vile vya pembe. Mchapaji kaweka 5. Fanya hesabu: 12 za pembe, kingo 30 zenye 3 katikati ni 90, nyuso 20 zenye 3 ndani ni 60. Jumla 162. Hiyo ni hesabu ya virusi vya jamii ya herpesi! Una njia mbili. Ya kwanza, chora upya vitone sita sita kwa kalamu ya wino mzito. Ya pili, ambayo ni bora ukiwa na maboksi mawili, mmoja mbadilishe kweli awe herpesi: toa mirija 12 ya boksi inayochomoza kwenye pembe zake, kisha mvike mfuko wa plastiki laini kama utando wa mafuta, kwa sababu herpesi anao na adenovirusi hana.

Kwa mfano rahisi zaidi wa kanuni hiyohiyo, boksi halihitajiki. Mpira wa miguu wa kizamani, ule wenye vipande vyeusi na vyeupe, una vipande 32: vyeusi 12 vya pembe tano na vyeupe 20 vya pembe sita. Kama kila kona ya kipande ni protini moja, 12 mara 5 ni 60, na 20 mara 6 ni 120. Jumla 180, na ndiyo idadi ya protini za gamba la virusi kadhaa vya nanomita 30 hivi, mmojawapo akiwa yule anayesababisha kufifia kwa rangi ya majani ya mahindi ambaye, akishirikiana na virusi vya batobato ya miwa, huleta ugonjwa hatari wa mahindi ulioonekana Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka uliofuata. Donald Caspar na Aaron Klug waliiweka sawa kanuni hii mwaka 1962: magamba ya aina hii hupanuka kwa mafungu ya protini 60, na ukubwa ubadilike vipi, vipande vya majirani watano vinabaki 12. Vyeupe huongezeka. Vyeusi haviongezeki.

TMV anahitaji mkono wa kwetu. Kilichomo kwenye boksi ni bomba lililochorwa mistari ya mviringo, pete juu ya pete, na hilo ni kosa la msingi: protini zake hazikupangwa kwa pete, zimepanda kwa mzunguko mmoja usiokatika kama springi, na RNA, uzi wa urithi wa kirusi hiki, imekaa kwenye mfereji kati ya mizunguko. Nenda soko la bidhaa za Wamasai ununue shanga za milimita 4, zote za rangi moja, na uzi imara. Tafuta kijiti cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 17. Tunga shanga, zungushia kijiti bila kuacha nafasi. Ukipata unene huo sawasawa, kila mizunguko mitatu itakula shanga 49, ambayo ndiyo hesabu ya TMV mwenyewe. Kijiti kikiwa kinene zaidi utapata 52 au 55 na somo linaharibika, kwa hiyo pima kabla ya kununua shanga nyingi. Mizunguko kumi inatosha darasani. Inakula shanga 163. Kirusi kizima kina protini 2,130 katika mizunguko 130 hivi, na kila protini inakumbatia nyukleotidi (herufi) 3 za RNA, ndiyo maana RNA yake ina nyukleotidi 6,400 kasoro chache. Uzi uliopita ndani ya shanga ndio RNA. Vuta uzi utoke uone shanga zikimwagika mezani: bila RNA, ufito haujui uishie wapi.

Bakteriofaji T4 ndiye anayependwa na watoto na ndiye aliyetengenezwa vizuri kuliko wote. Kichwa kimerefushwa kama inavyotakiwa (nanomita 120 kwa 86), miguu ni sita, sahani ya chini ipo. Shida ni springi ya mkia. Ukiibonyeza inafupika, ukiiachia inarudi. Kirusi halisi kinafanya kinyume: kinaundwa mkia ukiwa umenyooka na umetegwa kama mtego wa panya, miguu ikishika ukuta wa bakteria ala ya nje inajikunja hadi chini ya nusu ya urefu, mrija wa ndani unatoboa, na hakuna kurudi. Sema hivyo kwa mdomo huku ukionyesha, vinginevyo watadhani ni bomba la sindano linalosukumwa mara mbili.

Kwenye kichwa wameweka uzi wa sentimita 30 kuwa DNA. Hapa waliikosa nafasi ya kustaajabisha. DNA ya T4 ina jozi za herufi kama 169,000, na kila jozi inachukua nanomita 0.34. Kwa kipimo chetu cha milimita kwa nanomita, hiyo ni kamba yenye unene wa milimita 2 na urefu wa mita 57. Nunua uzi wa kufumia masweta, pima mita 57 uwanjani, halafu waambie wanafunzi wauingize kwenye kichwa cha sentimita 12. Inawezekana, lakini kwa kushindilia, na ukikitoboa uzi unaanza kujitokeza wenyewe. Shinikizo hilo husaidia kuisukuma DNA ndani ya bakteria. Gamba linabaki nje. Mwaka 1952 Alfred Hershey na Martha Chase walilithibitisha hilo kwa ndugu yake, T2, wakiweka alama ya fosforasi yenye mionzi kwenye DNA na ya salfa kwenye protini, kisha wakatazama ipi iliyoingia.

VVU amekuja kama mpira wa plastiki angavu unaofunguka nusu mbili, ndani kuna koni, ndani ya koni nyuzi mbili za RNA. Wazo zuri, utekelezaji wa haraka. Nyuzi hizo wamezisokota pamoja kama ngazi ya DNA. Zifungue. VVU ana nakala mbili za RNA ya uzi mmoja, si RNA ya nyuzi mbili, na tofauti hiyo huulizwa mara kwa mara na hukosewa mara kwa mara. Miiba ya nje iko 72. Namba hiyo ilitamba kwenye vitabu vya zamani. Vipimo vya hadubini ya elektroni vilivyotolewa mwaka 2006 vilipata wastani wa miiba 14 tu kwa kirusi, kila mmoja ukiwa na vipande vitatu vya protini iitwayo gp120 kichwani na vitatu vya gp41 shinani. Ng'oa 58, zibakie 14, na matundu yaliyobaki ziba kwa selotepu.

Koni yenyewe ni sawa, ila ni tupu upande wa maelezo. Imejengwa kwa protini 1,500 hivi zilizopangwa sita sita, na ili ifunge inahitaji tena vikundi 12 vya tano tano, saba upande mpana na vitano upande mwembamba. Ile kumi na mbili ya mpira wa miguu hiyo. Kisha kuna walichosahau kabisa: vimeng'enya. Bila kimeng'enya kinachonakili RNA kuwa DNA, kile kinachopachika DNA hiyo kwenye kromosomu zetu, na kile kinachokata protini ndefu ili kirusi kikomae, modeli haielezi dawa za kufubaza zinafanya kazi wapi. Weka punje za choroko, maharage na kunde ndani, kila aina kimeng'enya chake. Ghali sana!

Mafua tupite upesi. Vipande vya RNA ni vinane, wamepatia. Miiba ya aina mbili, H na N, wameipa rangi moja, kwa hiyo jina kama H1N1 halielezeki. Paka rangi mmoja kati ya kila mitano iwe N, iliyobaki iwe H. Na weka shanga moja kwenye ncha ya kila kipande cha RNA kuwa kimeng'enya cha kunakili. Sababu yake ni kwamba RNA ya mafua ni kinyume: ribosomu, mtambo wa seli wa kutengeneza protini, haiwezi kuisoma mpaka inakiliwe kwanza, na seli yetu haina kifaa cha kunakili RNA kutoka kwenye RNA. Kirusi lazima kije na chake. RNA ya polio husomeka moja kwa moja, kwa hiyo gamba la polio halihitaji kubeba kimeng'enya hicho. Miiba ya mafua huchomoka kipindi cha kwanza tu, kwa hiyo ibandike kabla.

Chati sasa. Usiitundike kama ilivyo. Inaweka kichaa cha mbwa pamoja na polio kwenye RNA inayosomeka moja kwa moja. Kichaa cha mbwa ni RNA kinyume, mahali pake ni jirani na mafua, surua na Marburg. Homa ya ini B imewekwa na herpesi, wakati ina kundi lake la saba kwenye mpango ulioanzishwa na David Baltimore mwaka 1971: DNA yake hutengenezwa kwa kupitia RNA. Prioni imeandikwa kama "kirusi kidogo kuliko vyote". Prioni ni protini iliyojikunja vibaya, haina DNA wala RNA, haimo kwenye ukoo huu. Na ile sentensi ya juu, kwamba virusi vyote havionekani kwa hadubini ya kawaida, ilikufa mwaka 2003 ulipotangazwa Mimivirusi wa Bradford, Uingereza, aliyedhaniwa miaka kadhaa kuwa bakteria kwa sababu alionekana vizuri kwenye hadubini ya mwanga. Gamba lake linazidi nanomita 400 na DNA yake ina jozi kama milioni 1.2. Kwa kipimo chetu ni zaidi ya sentimita 40, tikiti maji la Kahe.

Tatizo kubwa zaidi la chati ni inavyodai maumbo ni matatu: duara, ufito na "changamano". Mwanafunzi wa Kilimanjaro au Arusha amezungukwa na virusi vinavyokataa mgawanyo huo. Batobato ya mihogo, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutoka nchi hii hii, husababishwa na magamba mawili yaliyoungana kama pacha, yenye DNA ya uzi mmoja. Modeli yake kwa kipimo chetu ni karanga moja ya punje mbili ikiwa bado na ganda, usihangaike kutengeneza. Michirizi ya kahawia ya mihogo ni uzi unaopinda wa sentimita 65 hadi 69, waya wa kawaida unatosha. Kichaa cha mbwa ni risasi ya sentimita 18 kwa 7.5: kata chupa ya plastiki ya nusu lita. Marburg, aliyetokea Kagera Machi 2023, ni kamba nene ya sentimita 8 na urefu unaokaribia mita. Ndui, uliokwisha kutokomezwa duniani, ni tofali la sentimita 35 kwa 25. Chikungunya, ambaye jina lake ni la Kimakonde na maana yake ni kupindika, kwa jinsi wagonjwa wa uwanda wa Makonde walivyokunjwa na maumivu ya viungo mwaka 1952 na 1953, ni mpira wa tenisi. Hawa wote unawapata kwa karibu bure, na wakiwekwa pembeni ya wale sita wa boksi ndipo neno "anuwai" linapata uzito.

Jambo moja ambalo boksi limelifanya vizuri, pengine bila kukusudia: VVU na mafua wana utando wa nje unaovuliwa, polio na adenovirusi hawana. Litumie hilo kufundisha sabuni. Uvue utando wa mafua: miiba imeondoka nao, kirusi hakina tena cha kushikia seli. Sabuni na spiriti ya asilimia 70 hufanya hivyo kwa sababu utando ni wa mafuta. Mpe mwanafunzi polio aivue, atakosa cha kuvua. Ndiyo maana virusi visivyo na utando, kama vile vya polio na baadhi ya virusi vya kuharisha, havitishwi sana na spiriti, na sehemu zilizochafuka husafishwa kwa klorini. Dawa ya klorini ya madukani yenye asilimia 3.5 ukichanganya sehemu moja kwa sehemu sita za maji unapata asilimia 0.5. Kunawa mikono kwa maji tiririka bado kunasaidia, ila kwa kuvisukuma vitoke mkononi, si kwa kuvivunja.

Uimara ni wa wastani. Karatasi ya adenovirusi hunywa unyevu wakati wa masika na masikio huachia. Ifunike kwa selotepu pana angavu kabla ya kukunja, si baada. Mpira wa VVU hupasuka kwenye bawaba, kwa hiyo afunguliwe na mwalimu.

Kabla ya kutoa pesa, fungua boksi pale pale kaunta na uhesabu: mirija 12 ya adenovirusi, miguu 6 ya T4, vipande 8 vya RNA ya mafua, na koni iwe na kifuniko chake. Mrija wa kumi na mbili ndio unaokosekana mara nyingi, na ukishatoka dukani hakuna anayekubali kuwa haukuwepo.